Ndimu Zangu Hazijamroga Mtu

Leo alfajiri mjumbe wa shina amenigongea mlango kuniuliza, kwa adabu zote, namroga nani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Usinifikirie vibaya, nimetumwa tu.”

Nyuma yake walisimama wapangaji wote, hata yule wa chumba cha uani ambaye siku ya kodi huwa hayupo. Ukutani, kwenye ungo, zilikaa ndimu zangu: nyeusi, zimekunjamana, zimetobolewatobolewa na kuzungushiwa chumvi. Moja bado ilikuwa na sindano. Kwa mtu wa pwani, ushahidi huo unatosha na chenji inarudi.

Nikaeleza kwamba ni kiungo. Waomani huchemsha ndimu kidogo kwenye maji ya chumvi, wakazianika juani mpaka zikawa nyepesi, ukiitikisa unasikia kokwa zikigongana ndani. Kisha huitoboa na kuitumbukiza kwenye mchuzi wa samaki au wali wa nyama.

“Kwa hiyo hizi zinaliwa?”

“Zinaliwa, mama.”

“Basi kula moja tuone.”

Nikala. Nikatafuna, macho yakitoka machozi, khanga imefungwa kifuani, umati kimya. Jirani mmoja akanong’ona kwamba mchawi hadhuriki na dawa yake mwenyewe. Mjumbe, kabla ya kuondoka, akaniomba tatu za binti yake, ambaye mchumba hapokei simu.

Mchawi hapa ni hewa ya Dar es Salaam, na wallahi inanistaajabisha. Ganda la ndimu lina nta juu na vifuko vya mafuta chini yake, ndiyo maana huchemshwa kwanza, lilainike lipitishe maji. Chumvi nayo huvuta maji kutoka ndani. Jua likiwaka unaiona ndimu ikisinyaa, roho inatulia. Usiku hewa hupoa, na hewa iliyopoa haimudu mvuke mwingi kama ya moto, basi unyevu wake unapanda. Ukipita asilimia 75 hivi, chumvi ileile iliyoshinda ikikausha huanza kunywa maji ya hewani mpaka ikayeyuka yenyewe. Nimeajiri mlinzi ambaye usiku ndiye anayewafungulia wezi. Kule Oman, kwenye hewa kavu ya jangwani, ndimu haina taabu hiyo. Kwangu, sehemu kubwa ya ule weusi ilikuwa kuvu, nami nilishameza.

Kinachoniuma zaidi ni dukani. Kipakiti cha ndimu kavu kimevuka bahari kuja kuuzwa kwa bei ya kuku, katika nchi ambayo msimu ukikolea machungwa ya Muheza yanalundikana kando ya barabara mpaka yanaoza, mkulima akibembeleza wenye magari. Kikaushio kimoja cha jua, sanduku la mbao lenye nailoni na matundu ya hewa, hakina siri yoyote ya kisayansi. Lakini sisi tunamwacha mkulima auze kwa hasara, halafu tunakoroga unga wa rangi ya chungwa kwenye jagi na kumkaribisha mgeni. Hapo sicheki.

Vipande vya chungwa nilivyoanika dirishani vililiwa na sisimizi. Vya kwenye oveni vilimaliza yuniti za umeme vikiwa bado vibichi. Maganda ya chenza nyuma ya friji ndiyo pekee yaliyokauka barabara, na binamu yangu ameyafagia.