Hewani Kutoka Ujiji

Leseni yangu ni ya redio ya ridhaa. Ridhaa ileile ya kwenye ngumi: unapiga, unapigwa, hulipwi. Inatolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na mwenye nayo hupewa alama yake ya wito. Zetu Watanzania huanza na 5H, ili anayekusikia Finland ajue unaita kutoka nchi gani, hata kama Ujiji hajawahi kuisikia. Karatasi inaniruhusu kuongea na dunia. Kuhusu majirani haisemi kitu.

Kwanza waya. Kwa megahezi 14, antena ya kawaida ni waya wa mita 10 hivi, unaokatwa katikati na kuning'inizwa juu. Nikaufunga kutoka kwenye mwembe hadi kona ya paa: shaba imenyooka, kivuli hakuna, upepo wa ziwa unaupiga moja kwa moja. Kabla ya adhuhuri ulishabeba vitenge, shuka na kaptura.

“Kamba umetuletea ya maana, mwanangu,” akasema mama mwenye nyumba. “Mungu akuzidishie.”

Utaanzaje kumwambia aanue?

Jioni, nguo zimekauka, nikawasha na kuita. Finland kimya. Iliyoitika ni sabufa ya nyumba ya pili, ikakatiza taarabu na kukoroma kwa sauti yangu kama mtu aliyekabwa. Mwenyewe akaizima, akaisomea dua.

Habari zikazagaa kwamba nina simu isiyotaka vocha. Ndipo akaja mzee mmoja anayeuza dagaa Kibirizi.

“Niulizie Kalemie leo dagaa wanauzwaje.”

Nikamweleza kwamba redio ya ridhaa, popote duniani, hairuhusiwi kufanyia biashara. Na hata ingeruhusiwa, mawimbi haya hupanda hadi ionosfia, tabaka la juu angani, yakadunda na kushukia mbali, pengine maelfu ya kilomita. Kalemie, hapo ng'ambo tu ya ziwa, yanairuka.

Akanitazama sana. “Yaani Ulaya wanakusikia, Kalemie hawakusikii?”

“Ndiyo, mzee.”

“Na hao wa Ulaya wakikusikia, mnaongea nini?”

“Tunaambiana kama tunasikika.”

Kabla hajamaliza kuguna, Mwitaliano akaitika. Nikamtajia jina, naye akanitajia lake, tukahakikishiana kwamba tunasikika vizuri. Mzee akasogeza kigoda hadi kwenye spika.

“Muulize,” akaninong'oneza, “dagaa wao wanachukua kwa kilo au kwa gunia?”