Bi Mdogo Katoka Nje

Wenzangu wenye mke, watoto na mama mkwe, sogeeni karibu, maana haya si ya kusema kwa sauti. Nyumbani kwetu Leipzig kuna mke wa pili, na aliyempa cheo hicho ni mke wangu mwenyewe.

Ni kangaga. Nilimnunua miaka mitano iliyopita kwenye soko la mimea, hazidi kiganja, kafungwa kwenye kipande cha ubao kwa uzi wa kuvulia samaki. Leo ubao wake hauinuliki kwa mkono mmoja. Hamwagiliwi kwa kopo kama mimea ya watu wengine: anazamishwa mzima kwenye karai, anakunywa mpaka ashibe, kisha anatundikwa achuruzike. Siku moja nimemkumbatia namtoa kwenye karai, maji yananitiririka mpaka kwenye soksi, mke wangu akasimama mlangoni akatutazama wote wawili. "Baba Salma," akasema, "ukimaliza na Bi Mdogo, chakula kipo mezani." Jina likamganda.

Wataalamu wanamwita Platycerium elephantotis, na hilo neno la pili maana yake sikio la tembo. Ndivyo alivyo hasa: majani mapana, mazito, yameinama kama masikio ya tembo aliyesimama kivulini. Asili yake ni Afrika ya joto, toka Magharibi mpaka kwetu Mashariki. Huko anaishi juu ya miti, bila udongo wowote, na wala haunyonyi mti. Amepanga tu.

Ana majani ya aina mbili, na hapa naomba mnisikilize, kwani ndipo msiba ulipoanzia. Masikio ni aina moja. Aina ya pili ni ngao: majani ya mviringo yanayojibandika ubaoni kama sahani, yanafunika mizizi na kudaka takataka zinazooza zikawa chakula. Ngao zinapozeeka hukauka, zikawa kahawia kama karatasi ya kaki. Mtu asiyejua atasema zimekufa. Hazijafa kazi. Ngao haibanduliwi.

Baridi ikianza, Bi Mdogo anahamia kwa jirani yetu, bibi mjane wa miaka 80 na ushei, mwenye kitalu nyumba kidogo cha vioo na hita ya umeme isiyoruhusu joto kushuka chini ya nyuzi 15. Urafiki wetu ulianza siku aliposikia natoka Tanga. Alinishika mkono mpaka dirishani pake, akanionyesha vyungu saba vya maua ya zambarau, akasema kwa furaha, "Usambara!" Kumbe ndivyo Wajerumani wanavyoliita, ua la Usambara. Mbegu zilitumwa Ujerumani na baroni mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa kikoloni Tanga, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaliandika kwa jina la huyo baroni: Saintpaulia. Mimi ni mzaliwa wa Muheza, milima ile ya Usambara nimeamka nayo kila asubuhi, na ua lake nikaja kutambulishwa sebuleni kwa bibi wa Kijerumani! Nilishindwa kusema. Bibi akanipa chungu kimoja.

Bibi huyu ana sheria moja: mmea wa nchi za joto hautoki nje kabla ya Sophie. Wajerumani wana watakatifu wao wa barafu, siku zao zinafuatana katikati ya Mei, na wa mwisho ni Sophie wa Baridi, tarehe 15. Wakulima wanasema mpaka apite huyo, jalidi inaweza kurudi usiku wowote. Na hata akishapita, mmea uliokaa miezi sita nyuma ya vioo hautupwi juani siku moja. Unazoeshwa: saa moja kivulini, kesho mbili, keshokutwa tatu.

Sasa, Aprili 2024, wiki ile ya Idi, akatua mama mkwe wangu. Wanawe wenyewe wanamwita Mkuu wa Forodha, kwa kuwa hakuna mfuko unaoingia nyumbani kwake ukapita bila kufunguliwa. Alishuka uwanjani na sweta tatu juu ya dera, na khanga juu ya sweta. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hatujafika nyumbani alishajua bei ya kodi yetu.

Jumamosi ya kwanza kukawa na jua zuri, nyuzi 24. Mimi nilikuwa zamu hadi saa kumi jioni. Mama alichungulia uani kwa jirani akamwona Bi Mdogo nyuma ya kioo, roho ikamuuma. "Mmea wa kwetu huu! Umefungwa kama mfungwa, na jua lote hili?" Akamwita mjukuu wake amtafsirie kwa bibi. Mwanangu alikuwa na miaka 11, tunamwita Injinia, na hana subira na maneno mengi. Mama aliongea dakika nzima. Injinia akatafsiri: "Baba anataka mmea wake." Bibi alikuwa na begi mkononi anaelekea kwa binti yake Dresden. Akatoa funguo, akaondoka.

Niliporudi, Bi Mdogo alikuwa ametundikwa kwenye nguzo ya kamba ya nguo, jua linampiga usoni. Chini yake ngao tatu zilikuwa zimepangwa vizuri kwenye ungo. Mama alikuwa anafuta mikono. "Nimemtoa uchafu wote, mwanangu. Sasa anapumua." Mizizi ilikuwa wazi, myekundu-myeusi, kama goti lililochunika.

Na Salma, miaka saba, yuko juu ya kiti na kitambaa kibichi. "Baba, alikuwa na vumbi!" Ndugu yangu, lile si vumbi. Ni manyoya laini meupe, mafupi kuliko ya shavu la mtoto, ndiyo yanayomkinga na jua na kukauka. Katikati ya jani lile lililofifia kulikuwa na njia moja ya kijani inayong'aa, upana wa vidole vinne, kitambaa kilipopita.

Mama mkwe hafokewi. Nilisema asante mama, pole na kazi, nikaingia jikoni nikanywa maji glasi mbili. Mke wangu alinifuata. Usiku ule yeye ndiye aliyemweleza mama yake habari ya ngao, taratibu, na sikusikia jibu lolote ukutani.

Alfajiri, baada ya swala, nikamkuta Mama jikoni. Kamlaza Bi Mdogo mezani kama mgonjwa, miwani puani, sindano ya magunia mkononi, anazishonea zile ngao ubaoni moja moja. "Nimeharibu, acha nitengeneze," alisema bila kuinua macho. Ngao iliyobanduka haishiki tena. Nikakaa nikamshikia ubao.

Wiki iliyofuata masikio yakaanza kutoa mabaka ya kahawia, kama shati lililosahauliwa chini ya pasi. Hayo ni ya jua. Kisha hali ya hewa ikageuka, ikaja ile jalidi iliyounguza matufaha na mizabibu ya jimbo letu la Sachsen. Nikakimbilia kitalu nyumba na funguo za bibi. Hita haikuwepo. Ilikuwa chumbani kwa Injinia, vipande 20 na kitu juu ya gazeti, kila kimoja kimeandikwa namba. Alitaka kujua inajuaje nyuzi 15.

Kwa hiyo Bi Mdogo akahamia bafuni. Kila aliyeoga alioga na masikio ya tembo mgongoni. Mvuke ulimfaa, lazima niseme. Mama alimfunika khanga usiku, na mke wangu akawa anagonga mlango kabla ya kuingia kupiga mswaki.

Bibi aliporudi alikuta hita imeshaunganishwa, inafanya kazi, akasikiliza kisa chote mpaka mwisho. Akamtazama Mama, Mama akamtazama yeye. Tarehe 16 Mei wakamtoa Bi Mdogo pamoja, mmoja kila upande wa ubao, wakamweka chini ya mtufaha. Saa moja tu. Mama alikaa naye kwenye kiti, tasbihi mkononi, akaita ilipotimia. Kesho saa mbili. Mwisho wa Juni, juu ya zile nyuzi za magunia, ngao mpya ikachipua, kijani kibichi, ukubwa wa ukucha wa Salma.

Julai Mama akarudi Tanga. Khanga yake ikabaki kwenye msumari wa mlango wa nyuma. Usiku mmoja mwishoni mwa Septemba niliamka, upepo unavuma, upande wa pili wa kitanda mtupu. Nikachungulia dirishani. Mke wangu alikuwa chini ya mtufaha, peku kwenye majani yenye umande, anamfunika Bi Mdogo, anamwambia kitu nisichokisikia.

Nikarudi kitandani, nikamwachia upande wenye joto.