Sifa za Tope la Chara

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Nawaheshimu, lakini ni wazi kwamba hakuna hata mmoja wao aliyeshuka kutoka Garsen kwenda Chara mwezi wa Mei. Huku kwetu kuteleza ndiko kuanguka, na anayeinuka huinuka na rangi nyingine. Tangu utotoni nasikia tope hili likilaaniwa na madereva, na wachuuzi, na kina mama wenye leso mpya. Sijasikia anayelisifu. Leo nalisifu mimi, maana nimelipa nauli ya ndege na kiingilio juu, kwenda ng'ambo kutazama watu wakifanya kile ninachofanyiwa bure mlangoni kwangu.

Mimi ni shabiki wa mchezo wa kuteleza juu ya barafu. Cheka, nitakungoja. Wenzangu wana Arsenal na Manchester, na kuna Jumatatu hawasalimiani. Mimi nina vijana wanaozunguka kama pia juu ya visu vilivyofungwa chini ya viatu. Ugonjwa huu niliupata kwenye televisheni, nikaulea kwenye simu. Siku binamu yangu aliyeko Abu Dhabi aliponiambia kuna onyesho la barafu linakuja, na kwamba sebuleni kwake pana godoro, niliuza mpunga wa msimu mzima. Bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, waenda kutazama watu wakiteleza?" Nikasema naam. Akaitazama njia, akanitazama mimi, akarudi jikoni.

Kutoka Mombasa hadi Ghuba ni saa chache tu, tena umekaa. Safari hasa ni ile ya Chara hadi Garsen. Kijana wa bodaboda aliteremsha miguu yote miwili kama bata anayetua, pikipiki ikaenda upande, sisi tukaenda upande mwingine. Tulianguka mara tatu. Mara ya kwanza nilichukia. Mara ya pili nilicheka. Mara ya tatu nilijikuta nimenyoosha mkono kwa madaha kama wale wa kwenye simu, nikajua mazoezi yanaingia. Viatu nilivioshea Garsen, nikavikwangua tena Mombasa, lakini kwenye kisanduku cha ukaguzi wa uwanja wa ndege vilidondosha vumbi jeusi. Tope la Chara halina pasipoti. Ghuba lilifika.

Ukumbini palikuwa baridi ya kutafuna meno, na nje jua linakaanga watu. Sitawadanganya, niliona uzuri. Binti mmoja alizunguka hadi sura yake ikapotea ikabaki rangi ya gauni tu, na machozi yakanitoka, nikasingizia baridi. Wakati wa mapumziko likaingia gari zito, likakwangua uso wa barafu na kumwaga maji nyuma yake hadi uwanja ukang'aa kama kioo. Gari hilo lilibuniwa na Frank Zamboni wa Marekani mwaka 1949. Watu walilipigia makofi, na hapo moyo wangu ukarudi nyumbani kwa hasira.

Sisi gari letu ni Mto Tana. Unateremka kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, unakata kilomita zipatazo 1,000, na kila unapofurika unatutandikia tabaka jipya la udongo bila dereva wala petroli. Nani amewahi kuupigia makofi? Nao wenyewe ni mtelezaji wa kuogopwa. Katika karne ya 19 watu walichimba mfereji wa Belezoni kuuunganisha na Mto Ozi, ili mitumbwi ipate njia ya mkato. Mto ukauona mfereji, ukaupenda, ukahamia humo, na leo unamwagikia baharini Kipini. Mtelezaji gani wa Ulaya amewahi kuteleza akahama na mdomo wake?

Ni majina tu yanayotupungukia. Mruko wa Salchow umeitwa kwa jina la Ulrich Salchow, Mswidi, aliyeuruka mwaka 1909. Axel Paulsen, Mnorwe, alitangulia na wake mwaka 1882, na huo una mzunguko mmoja na nusu hewani. Sasa, kijijini kwetu yuko mwalimu, jina nalihifadhi kwa heshima ya kazi yake, ambaye asubuhi moja alizunguka mmoja na nusu kamili, mkono huu mwavuli, mkono huu madaftari ya darasa zima. Paulsen hakubeba madaftari.

Kisha waamuzi. Mwaka 2002, kwenye Olimpiki ya Salt Lake City, jaji wa Ufaransa alidaiwa kushinikizwa apendelee upande mmoja. Ikabidi itolewe dhahabu ya pili, na baada ya miaka miwili utaratibu mkongwe wa alama 6 ukatupwa. Tope letu halijapata kashfa hata moja. Halijui Mpokomo wala Muorma, halijui mwenye kanzu wala mwenye suti. Mgombea mmoja alikuja na msafara na ahadi ya lami. Kabla hajafika kwenye neno lami alikuwa amekaa chini. Hakuna rufaa iliyokatwa.

Wakati mwingine namkumbuka Surya Bonaly, yule Mfaransa mweusi aliyekuwa bingwa wa Ulaya mara tano na ambaye ubingwa wa dunia ulimkwepa mara tatu mfululizo akabaki wa pili. Februari 1998 huko Nagano, akiwa ameumia na akijua medali imekwisha kumponyoka, alipiga pindu kinyumenyume, jambo lililokatazwa, akatua kwa mguu mmoja. Wakamkata alama, akamaliza wa kumi. Marufuku hiyo waliiondoa mwaka 2024. Kwenye Olimpiki hiyohiyo Mkenya Philip Boit alishika mkia katika mbio za theluji, na mshindi, Bjørn Dæhlie, akamsubiri mwishoni amkumbatie. Wakenya tulishangaa aliwezaje hata kusimama. Majira hayo hapa kwetu yalikuwa ya El Niño, na nyanya zetu walikuwa wakivuka mabonde yaliyolowa na watoto mgongoni, maji yamefika kiunoni, chini kunateleza. Hakuna aliyewasubiri mwishoni.

Kwa upande wa elimu, barafu na tope ni ndugu. Barafu inateleza kwa sababu juu yake pana utando mwembamba mno unaotembea kama maji. Udongo wetu mweusi unateleza kwa sababu vipande vyake ni bapa kama magamba ya samaki, na maji hukaa katikati. Tofauti ni bei.

Wapo wanaolisema vibaya. Watasema mwishoni mwa 2023 maji yalikata barabara ya Lamu pale Gamba na Lango la Simba, mabasi yakalala. Nitajibu kwamba abiria walipata nafasi ya kufahamiana. Watasema embe huoza kabla ya kufika sokoni. Nitajibu kwamba tumekula embe nyingi. Watasema juu ya mama mwenye uchungu wa kuzaa anayebebwa kwa kitanda usiku, watu wanne wakitafuta pa kukanyaga. Hapo sina jibu. Sifa zangu zimekwama, kama kila kinachopita njia ile.

Nimerudi wiki mbili sasa. Bibi alinikuta nikifua suruali, akavuta kigoda.

"Walianguka?"

"Mmoja tu, bibi. Akainuka anatabasamu."

"Alikuwa na ndoo kichwani?"

"La."

"Haya," akasema, akainuka zake.

Maonyesho yetu huanza na mvua za Aprili. Kiingilio hakuna, na viti hakuna. Viatu viache Garsen.