Chui wa Mammen

Mama mkwe alipotutembelea Copenhagen kutoka Unguja, mke wangu alimpeleka Makumbusho ya Taifa kuona mambo ya Waviking. Mimi nikabaki na watoto. Ningejua, ningekwenda mimi, wao wabaki.

Walirudi na habari za kaburi la Mammen, kule Jutland, lililofukuliwa na wakulima mwaka 1868. Mkubwa aliyelazwa humo, majira ya baridi ya 970 kuingia 971, alivishwa nguo za sufu zilizodariziwa chui, nyuso za watu na mikono. Kesho yake meza yetu ikajaa kitani, mikasi na nyuzi za sufu nyekundu na buluu. Wali tukaula tumepakata sahani.

Mshono wenyewe ndio ule wa kaburini: sindano huenda mbele, hurudi nusu ya hatua, ikachomoza ubavuni mwa mshono uliotangulia, mpaka mstari uonekane umesokotwa kama kamba. Sufu hutaka uzi mfupi. Mrefu hukwaruzwa na kitani, ukakonda, ukakatika. Mke wangu alikata mirefu, maana kutunga sindano humchosha. Sindano zilizopotea nilizipata mimi, kwa kuzikalia.

Chui alipotiwa jicho ndipo vita vilipoanza.

"Mwanangu, kiumbe hicho kikitundikwa sebuleni, tutasali wapi?"

"Mama, ni pambo tu."

"Pambo lina jicho?"

Wakanigeukia. Nikakumbuka kuna takataka za kutoa nje.

Jumamosi Bi Mkubwa aliamka kufua. Aliona kitambaa kina alama za penseli, akakitia mashineni pamoja na mashuka, nyuzijoto 60. Sufu ina vigamba vidogo sana. Maji ya moto na msukosuko huvishikanisha, na vikishashikana haviachani tena. Nyuzi zikajikaza, kitani kikakunjamana. Miguu ya chui ikaingia tumboni, jicho likazama kwenye kunyanzi, wekundu ukahamia kwenye fulana zangu. Sufu ya Mammen ilikaa udongoni karibu miaka 900. Yetu haikumaliza hata mzunguko mmoja.

Mke wangu hakusema neno. Bi Mkubwa akakikung'uta kitambaa, akakitazama kwa mbali, kisha kwa karibu.

"Sasa kinatundikika," akasema. "Jicho halipo, na mnyama mwenyewe hajulikani."

Mimi nikatumwa msumari.