Uniti Ishirini na Moja

Leo ni tarehe 19 Oktoba, saa mbili usiku, nami nimesimama na tochi mbele ya mita nikihesabu. Mwezi huu tumekwishatumia uniti 54. Zimebaki 21 na siku 12, na nyumba ina friji, feni, televisheni, watoto wanne na mke mwenye akili ya biashara.

Kwa asiyejua kilichonisimamisha hapa, nieleze haraka. Sisi wa matumizi madogo, tusiozidi uniti 75 kwa mwezi, tunanunua uniti moja kwa shilingi 100. Ikibebeshwa VAT na tozo zake inafika 122. Ukizoea kuvuka 75 unahamishiwa kwa wakubwa, ambako uniti ni 292, na kodi zikishapanda mgongoni ni 356 na senti. Uniti zilezile 75 ninazozipata kwa 9,150 zitataka 26,700 na ushee. Mtaani hapa Hanga wameshaniita Mzee Sabini na Tano, nami huitika.

Kinachoniuma zaidi ni maji. Mto Luwegu unazoa maji ya mkoa wetu huu wa Ruvuma, unayateremsha mpaka unakutana na Kilombero, wanazaa Rufiji, na Rufiji inakwenda kuzungusha mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Umeme unaingia kwenye gridi, unarudi huku kwa laini ya Makambako mpaka Songea, ile iliyowashwa 2018 tukapumzika na ngurumo za majenereta ya dizeli. Yaani mvua inyeshe kwetu, iteremke bure, irudi kwa waya, halafu niinunue kwa tokeni ya tarakimu ishirini! Nilimweleza mama watoto uchungu huu. Akasema, "Basi kaichote mtoni."

Asubuhi redioni alikuwapo mtaalamu wa kubana umeme wakati wa joto. Akashauri tusishushe kiyoyozi chini ya nyuzi 24. Nikamsikiliza kwa adabu. Kiyoyozi mimi nilikiona mara moja Songea mjini, benki, nikarudi na mafua. Tena kiangazi chetu sisi ni mnafiki. Mwezi wa sita kinakuja na baridi, watoto wanachemsha maji ya kuoga kwa jagi la umeme la wati 2,000, nusu saa tu uniti imekwenda. Ukimaliza vita na jagi, Oktoba inaingia na jua linakuja kukaa juu ya bati.

Bati! Hapo nina kesi na nafsi yangu. Nyumba ya marehemu baba ilikuwa ya nyasi, mimi nikaiona ya kizamani. Nikauza mahindi misimu miwili, nikaezeka bati, silingibodi nikasema mwakani. Mwakani huo sasa una miaka tisa. Saa nane mchana bati linalia ta, ta, ta kama sufuria ya bisi, na usiku joto lote lililoshiba mchana linatutapikia kitandani. Ndipo nikanunua feni. Ni ya wati 60. Ikikesha saa kumi imekula uniti 0.6, mwezi mzima 18. Karibu robo ya uniti zangu inatumika kuhamisha hewa ya moto kutoka kona hii kwenda ile.

Lakini feni ni malaika mbele ya friji. Fundi mmoja alinifundisha kipimo: fungia noti kwenye mlango wa friji, kisha ivute. Ikigoma, mpira ni mzima. Nikaweka noti ya 1,000. Hata sikuigusa, ilichomoka yenyewe, ikaelea, ikatua sakafuni, na kijana wangu wa kidato cha pili akaikanyaga. Mpaka leo hajanyanyua mguu. Dawa ya mpira, akasema fundi, ni kuukanda kwa maji ya moto ulainike urudi mahali pake. Maji hayo niliyachemsha kwa kuni, kwa makusudi, mita ikiniangalia.

Shida ni kwamba ndani ya friji hilo hamna mboga yangu. Mna barafu za ubuyu, za shilingi 100, na wanafunzi wa shule ya msingi wanajua mlango wetu kuliko wa darasa lao. Nilibandika karatasi: FUNGUA KWA SABABU. Kesho yake chini yake pakawa na mwandiko wa kitoto: sababu ni joto.

Nikaona nibane kwingine. Nikapiga marufuku pasi ya umeme, nikaitoa ya mkaa aliyoachiwa mama na bibi. Jumapili kengele ya abasia inalia, mimi nina shati jeupe lenye tundu jeusi juu kidogo ya mfuko. Nilisali misa nzima nikiwa nimeweka mkono kifuani. Wazee walinisifu kwa uchaji.

Juzi nikaitisha kikao cha familia, nikasoma hesabu zangu, wati kwa wati. Mama watoto hakubisha. Aliingia chumbani, akarudi na kopo la maziwa ya unga, akamwaga sarafu mezani. Tukahesabu: 31,400, za wiki tatu.

"Hizo ndizo uniti zako," akasema. "Sasa nataka friza."

Inafika Jumamosi. Kwa hiyo haya mahesabu ya usiku huu ni ya kuagana tu, maana ikishawashwa, 75 tutaisikia kwa jirani.

Usiku uleule wa kikao nilibeba mkeka nikaenda kulala jikoni kwa mama, penye nyasi juu na udongo ukutani. Hakuna feni, hakuna bati, ubaridi wa kisimani. Nililala kama mtoto mchanga. Kabla ya jogoo wa kwanza mama akanigusa bega.

"Umelala salama, mwanangu?"

"Salama kabisa, mama. Hata jasho sikuliona."

"Haya. Shoka liko nyuma ya mlango. Magogo yale pale."