Jinsi ya Kuchagua Mashine ya Maganda Itakayokufa Mapema

Umeanza kujijazia risasi gerejini kama wafanyavyo walenga shabaha wengi wa Marekani. Ndoo imejaa maganda ya shaba yaliyokwisha pigwa, meusi midomoni. Kwa kweli ganda likitoka masizi na mchanga limetosha. Kung'aa hakuongezi shabaha. Lakini tunajuana. Unachotaka ni jirani wa meza ya pili uwanjani ainame, aokote moja, aulize, "Haya mapya?" Basi nisikilize.

Hatua ya kwanza: mashine ya kuyasafishia inunue kwa rangi. Chukua lile bakuli la plastiki la bei ya chini, linalokaa juu ya springi, lenye mota iliyofungwa uzito upande mmoja ili kila kitu kitetemeke. Usiligeuze kutazama chini. Wabishi hutazama huko: mota imeshikwa kwa boliti au kwa skrubu zilizong'ata plastiki? Ina matundu ya kupitisha hewa? Na ile fimbo ya katikati inayoshika kifuniko, imeegemea chuma au plastiki tupu? Ufa hupenda kuanzia hapo. Wewe umependa nyekundu, lipa. Risiti itupe hapo hapo mlangoni, waranti isije ikakushawishi.

Hatua ya pili: boksi litakwambia mashine inabeba maganda mangapi. Mara nyingi wamehesabu vijiganda vya bastola. Wewe tia ya bunduki ya kuwindia kulungu mpaka idadi hiyo hiyo itimie. Mota itanung'unika. Iache inung'unike.

Hatua ya tatu ni vya kusugulia. Maganda ya jozi yaliyosagwa hung'oa uchafu, magunzi ya mahindi hutia mng'ao. Chochote utakachochagua, usikibadilishe hata kikiwa cheusi kama mkaa. Weusi ule una madini ya risasi, kwa sababu fataki nyingi za kitakoni hutengenezwa kwa kemikali yenye madini hayo, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Ndiyo maana waoga huchujia nje, barakoa usoni, kisha hunawa mikono kabla ya kugusa chakula. Mwanamume wa shoka huchujia sebuleni, feni ikizunguka. Mama watoto akiuliza vumbi la nini, mwambie la mahindi. Nusu ya jibu ni kweli.

Hatua ya nne, na hapa uwe macho, kuna mtu atakushauri ununue pipa la kuzunguka, la kusafishia kwa maji na pini ndogo za chuma cha pua. Mkimbie. Mashine kama Thumler's Tumbler Model B ina pipa la chuma lenye raba ndani, mota imekaa kando mbali na maji, na mkanda ukikatika unatia mwingine. Kitu cha namna hiyo kitakuzika. Ukiletewa zawadi, bado una njia. Inabeba paundi 15, na wenyewe huzigawa hivi: paundi 5 za pini, galoni moja ya maji, maganda paundi 2 tu, pamoja na tone la sabuni ya vyombo na asidi ya limau kidogo sana. Paundi 2! Wewe jaza maganda mpaka kifuniko kisukumwe kwa goti. Asidi nayo mimina kwa ukarimu. Maganda yatatoka na rangi ya waridi, useme ni toleo maalumu.

Maganda ya bastola ndogo na kubwa changanya pamoja. Madogo yataingia ndani ya makubwa na kukwama. Jioni yako imepata kazi.

Hatua ya tano ni ya wenye haraka. Chukua dawa ya kung'arishia vitasa vya mlango, yenye amonia, mimina. Maganda haya ni shaba kwa asilimia 70 na zinki 30, na amonia inaujua udhaifu wake. Jeshi la Uingereza lililipia somo hili India: risasi zilizohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi zilipasuka shingoni zenyewe msimu wa mvua, bila kupigwa. Chanzo kilikuwa amonia ya mkojo wa farasi, na maelezo kamili yalichapishwa mwaka 1921. Miaka zaidi ya mia imepita, lakini mng'ao wa dakika kumi si mchezo, na ufa mdogo hauonekani kwenye picha.

Hatua ya mwisho: washa usiku, kalale. Lundika blanketi juu yake kupunguza kelele, joto lisipate pa kutokea. Asubuhi utakuta kimya na harufu ya waya ulioungua. Usiifungue kutafuta kilichokufa. Ifute vizuri, ipige picha upande usio na ufa, kisha iuze: "Imetumika kidogo, mwenyewe anahama." Bei ipunguze kiasi tu. Ukishusha sana, mnunuzi atataka kuijaribu.