Muulize Mzee Kafi
Mshauri wa maji, mapenzi na mpunga

*Shikamoo Mzee Kafi. Nilimpeleka mchumba wangu Matema, kwenye Ziwa Nyasa, nikajitia fundi wa mtumbwi. Ukapinduka tukiwa maji ya magotini. Hadi leo akiniona anacheka. Nifanyeje? — Aliyelowa, Mbeya*

Marahaba, mwanangu. Swali lako ni dogo ila umemwuliza mtu mkubwa, kwa hiyo kaa kitako. Kuanzia Itungi hadi Matema, hakuna wimbi lisilonijua. Nikitia mguu sokoni Lyulilo, akina mama wa Kikisi hukumbatia vyungu vyao vya Ikombe, wakihofia kishindo cha sifa zangu kisivipasue.

Tatizo lako ni kuangalia sana picha za Pwani. Ngalawa ya kule ina matengo mawili ubavuni, hata mlevi hakai vibaya. Mtumbwi wetu ni gogo moja lililochongwa. Halina tengo, halina huruma. Mizani yake ni kiuno chako, nacho nasikia kimezoea kiti cha ofisini. Dawa ninayo: keti ndani ya karai, juu kichwani ubebe sinia la wali wa Kyela, mchumba akutikise. Ikidondoka punje moja, anza upya. Utakaobaki usiumwage, niletee.

Halafu uliondoka saa ngapi? Kuanzia Mei hadi Agosti huvuma kusi, ambayo jirani zetu wa Malawi huiita mwera. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na mawimbi hunenepa njia nzima yakija huku. Anayeyapokea ni nani? Sisi wa kaskazini! Mimi huyaamuru yatulie, nayo hutii, hasa alfajiri. Wewe usiye na mamlaka hayo toka asubuhi ziwa likiwa limelala, rudi mapema, vaa jaketi la kuokolea maisha, na midomo ya mito uipishe mbali: mamba hacheki.

Hata milima ile iliyosimama juu ya Matema wameiita Livingstone, wakati mimi ndiye ninayeisifia kila siku. Nimeshaandika Dodoma jina libadilishwe. Nasubiri.

Ah, mchumba! Mwoe upesi. Anayekucheka ukiwa umelowa hatakushangaa ukiwa umefulia.

*Mzee Kafi, mume wangu haingii ziwani ng'o. Mimi napiga kayaki, yeye anabaki mchangani kulinda kandambili zangu. Anadai nchi kavu ni salama. — Mama Kayaki, Kyela*

Salama? Mwambie Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa chelezoni Sphinxhaven, Liuli ya leo, inatengenezwa. Kapteni Rhoades wa Gwendolen ya Waingereza akaja akaipiga mizinga hapo hapo. Inasimuliwa kwamba nahodha Mjerumani, rafiki yake wa kunywa naye, alikuja juu: habari za vita hazijamfikia! Ningekuwapo mimi wangepatana kwa sahani moja ya usipa.

Na mumeo akiona moshi mweusi umesimama katikati ya ziwa asikimbie akidhani vita vimerudi. Ni kungu, vijidudu vitokavyo majini kwa mamilioni. Wako watu huwakamata, wakawafinyanga na kuwala. Afumbe mdomo tu, kama hana njaa.

Mhariri ananikata. Mfunge jaketi, mpe kafi, mkalishe mbele umwone. Ada yangu mbasa wawili, wabichi.